Kaptula Iliyochafuka
Ugali na maziwa mchana, ugali na maziwa usiku, maji ya dumu yakipimwa kwa kikombe: katika kaya za wafugaji kuanzia Karatu hadi Endulen, choo kigumu cha mtoto hakishangazi. Vigezo vya kimataifa vya Rome IV, vya 2016, huhesabu choo mara mbili au pungufu kwa wiki miongoni mwa dalili za kufunga choo. Kikimuuma mara moja, mtoto hukibana. Husimama kwa vidole vya miguu, makalio kayakaza. Kinachobaki hukauka, kisha uji wa choo huvuja pembeni. Mama hudhani anahara, baba huona uzembe (fimbo haiko mbali), bibi humlaumu mkwewe kwa kumdekeza. Shuleni mtoto hukaa dawati la peke yake. Dawa ya kulainisha huhitaji wiki, pengine miezi. Nyumbani huachwa siku ya tatu, choo kikishatoka.