Sukari isiyoweza kufika Busia

Shangazi yangu huuza ndizi sokoni Busia, zile zinazovuka mpaka kutoka Uganda. Mwezi uliopita daktari alimwambia aende Nairobi kupigwa picha ya PET, ijulikane kama saratani imeenea. Nilipomtembelea akaniuliza: "Mwanangu, hapa na Malaba malori hupitisha kila kitu. Hiyo dawa yao mbona isiletwe?"

Nikaanza kueleza. Dawa hiyo ni sukari iliyotiwa florini-18, na saratani nyingi zina uroho wa sukari. Florini hiyo hutoa positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji ya kinyume, aliyegunduliwa na Carl Anderson mwaka 1932. Wawili hao wakikutana huangamizana, na miale inayotoka ndiyo inayonaswa na mashine. "Hata ndizi yako moja hutoa positroni kila dakika 75 hivi, kwa ajili ya potasiamu," nikamwambia. Alicheka, akasema nisimharibie biashara.

Hapo ndipo penye utamu. Mara nyingine hawafi papo hapo, bali huzungukana kwanza kama wacheza ngoma. Jozi hiyo ni positroniamu. Martin Deutsch aliithibitisha mwaka 1951. Gawa sekunde vipande bilioni moja: ikiwa peke yake, ile aina inayodumu huishi kwa wastani vipande 142. Majini hata viwili havifiki, kwani positroni huangamizana na elektroni za molekuli jirani. Kuna wataalamu ambao kazi yao ni kukokotoa hayo kwa kompyuta, na si mchezo. Hata kwa haidrojeni, atomu nyepesi kuliko zote, vitu vitatu huvutana na kusukumana, wala hakuna fomula kamili, hukadiria. Wanatumaini siku moja muda wa ngoma hiyo utamdokezea daktari kama sehemu yenye ugonjwa inapata oksijeni.

Shangazi alinisikiliza, kisha akarudia swali lake.

Jibu ni kwamba nguvu ya florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Kutoka Nairobi ni mwendo wa saa nane hivi kwa basi. Ingefika Busia imebaki sehemu moja kwa ishirini. Mashine zenyewe ziko huko huko, katika hospitali ya Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Basi asafiri yeye. Nauli amekopa kwa chama chao cha akina mama, na tiketi ni ya basi la Jumanne usiku. Amenifungashia ndizi. Yeye hatazigusa, kwani ameambiwa asile chochote saa sita kabla ya kipimo.