Tuusome Uhuru wa Magharibi, Lakini Tuusome Wote

Kila baada ya muda, katika mji huu au ule, wanazuoni, mawakili, madaktari, walimu wa vyuo vikuu na watu wa magazeti hukaa kitako siku mbili tatu kulijadili neno moja: uhuru. Si uhuru wa bendera, huo kila mtu anaujua. Ni ule uhuru wa Magharibi, uhuru wa mtu binafsi wa kusema, kuandika, kuamini na kuishi apendavyo. Mwezi wa Novemba 2012 kilifanyika kikao cha namna hiyo mjini Tehran, na mada yake ilikuwa uhuru peke yake. Huku kwetu Ghuba, na kwa ndugu zetu walioko Uingereza, mazungumzo hayo hayo yanafanyika kwa udogo, barazani baada ya Isha na sebuleni juu ya dele la kahawa.

Wakae, na Mungu awape subira. Lakini yeyote aliyewahi kuhudhuria mazungumzo haya anajua yanavyokwenda. Upande mmoja unasimama na kusema uhuru wa Magharibi ni ulevi, uchi na watoto kutowasikiliza wazee wao, basi, mjadala umekwisha. Upande wa pili, mara nyingi vijana waliosomea huko, wanausifu kama dawa ya kila maradhi, na kwao tatizo letu ni kuwa hatujaumeza wote. Watu wanabishana mpaka wakati wa chakula, wali unaletwa, wanapatana. La kusikitisha ni kwamba pande zote mbili, mara nyingi, hazijausoma.

Aliyeanza kuusoma kwa niaba yetu hakuwa adui wala shabiki. Mwaka 1826 Muhammad Ali wa Misri alipeleka Paris kundi la wanafunzi, na pamoja nao kijana mmoja wa Azhar, Rifaa al-Tahtawi, awe imamu wao. Kazi yake ilikuwa kuwasalisha. Yeye akajifunza Kifaransa, akasoma, akatizama mambo kwa macho yake, na aliporudi akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1834. Humo aliifasiri katiba ya Wafaransa, na alipofika kwenye uhuru akawaeleza wasomaji wake kuwa kile Wafaransa wanachokiita uhuru ndicho kile ambacho sisi tunakiita uadilifu na insafu.

Tizama akili ya kijana yule. Hakusema hawa hawana la kutufunza, wala hakusema tuvue vilemba. Alitafuta ndani ya lugha yake neno lenye uzito ule ule, akakuta kwamba mtu huru ni yule ambaye mtawala hawezi kumuonea. Kwake yeye uhuru ulikuwa habari ya sheria na mahakama kabla ya kuwa habari ya mavazi. Sisi, karibu miaka mia mbili baadaye, tunaanzia kwenye mavazi na hatufiki mahakamani.

Tahtawi alikuwapo Paris Julai 1830, pale watu wa mji walipoingia mitaani kumpinga mfalme wao, Charles wa Kumi, ambaye pamoja na mengine alitaka kuyafunga mdomo magazeti. Siku tatu tu, mfalme akaanguka. Lakini mwezi ule ule, tarehe 5, jeshi la Ufaransa lilikuwa limekwishaingia Algiers. Wafaransa wakapata magazeti yao. Waalgeria wakapata miaka 132 ya kutawaliwa.

Hapo ndipo tungependa wasomi wetu wakae zaidi, kwa sababu mambo haya mawili hayakutokea katika nchi mbili tofauti wala karne mbili tofauti. Uhuru wa Magharibi haukuwa uwongo, watu wameufia. Lakini kila ulipoandikwa, palikuwa na mtu aliyeachwa nje ya mlango, na mara nyingi yule aliyeandika alimuona kabisa. John Locke, ambaye Waingereza na Wamarekani wanamhesabu kuwa baba wa fikra hii, aliandika kwamba binadamu wamezaliwa huru na sawa, naye aliwahi kuwa na hisa katika kampuni ya kifalme iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika. Tena alishiriki kuiandaa katiba ya koloni la Carolina ya mwaka 1669, iliyompa bwana mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Thomas Jefferson aliandika mwaka 1776 kuwa watu wote wameumbwa sawa. Katika umri wake alimiliki watumwa zaidi ya 600.

Wa tatu ndiye anayetuhusu zaidi sisi wa Bahari ya Hindi, naye ni John Stuart Mill. Kitabu chake juu ya uhuru, cha mwaka 1859, watoto wetu walioko London wanakisoma mpaka leo, na ni kitabu kizuri, asikudanganye mtu. Anatetea haki ya mtu mmoja kusema lisilopendwa na wote kwa hoja ambazo hata mwanachuoni wa fiqhi atazifurahia, maana anasema kauli ya mpinzani huenda ikawa ni kweli, na hata ikiwa si kweli inakulazimisha uijue vizuri hoja yako. Lakini katika kurasa za mwanzo kabisa Mill anasema kanuni yake haiwahusu watu ambao bado hawajastaarabika. Hao, kutawaliwa kwa mabavu ni halali madhali kunakusudiwa kuwaendeleza. Na Mill hakuwa mtu wa kukisia. Tokea 1823 hadi 1858, miaka 35, mshahara wake ulitoka katika Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, iliyokuwa ikiitawala India.

Sasa tunawasikia ndugu zetu wa upande wa kwanza: mmeona, ni unafiki mtupu, tuutupe. Subirini kidogo. Wale walioachwa nje ya mlango hawakuutupa. Watumwa wa Haiti waliwasikia mabwana zao wa Kifaransa wakizungumza juu ya haki za binadamu, wakayachukua maneno yale kama yalivyo na kudai kuwa na wao ni binadamu. Ufaransa ikakubali kuufuta utumwa mwaka 1794, Napoleon akaurudisha 1802, wao wakapigana mpaka mwaka 1804 wakajitangazia dola yao. Halafu mwaka 1825 Ufaransa ikawatoza faranga milioni 150, fidia ya mali waliyopoteza wenye mashamba, na katika mali hiyo walikuwamo wao wenyewe. Yaani mtu alilipishwa kwa kuacha kuwa mali ya mtu. Hiyo fidia tutairudia, maana ina ndugu yake nyumbani kwetu.

Kikao ambacho wasomi wetu wangefaidika nacho kuliko vyote ni cha 1948. Tunazoea kusema Tangazo la Haki za Binadamu ni kitu cha Wazungu. Aliyekuwa mwandishi wa kamisheni iliyoliandaa ni Mwarabu, Charles Malik wa Lebanon, na alikaa meza moja na P. C. Chang, Mchina. Bibi mmoja wa Kihindi, Hansa Mehta, ndiye aliyekataa kifungu cha kwanza kisomeke kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wanaume, akitaka waandike binadamu wote. (Kiswahili kingewaepusha na ugomvi ule, maana kwetu mtu ni mtu.) Bi Shaista Ikramullah wa Pakistan akakitetea kifungu cha ndoa, akiona ndani yake njia ya kuwakinga wasichana na ndoa za utotoni na za kulazimishwa. Ilipofika kura, Paris, tarehe 10 Desemba 1948, nchi 48 zilikubali, hakuna iliyokataa, na 8 zilijizuia. Saudia ilikuwamo katika hizo nane, kwa sababu ya vifungu vya ndoa na vya kubadili dini. Lakini Misri, Syria, Iraq, Iran, Afghanistan na Pakistan zilikubali. Waislamu hawakuwa na sauti moja siku ile, na kila upande ulikuwa na hoja zake.

Sisi hatukuwamo ndani ya ukumbi. Zanzibar ilikuwa chini ya Mwingereza, na bara zima la Afrika lilikuwa na viti vinne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu. Miaka 15 baadaye, tarehe 10 Desemba hiyo hiyo, 1963, Zanzibar ikapandisha bendera yake. Ilipofika tarehe 12 Januari 1964 wengi wetu tulijua uzito wa vile vifungu vya kutokamatwa bila ya hukumu, kutonyang'anywa mali, na kutonyimwa uraia. Mzee aliyetoka na nguo alizovaa hahitaji mkutano wa kumueleza thamani ya kifungu cha 15. Anataka kujua tu kwa nini hakikumsaidia.

Basi sisi tuliofukuzwa ndio tunaopaswa kuwa wakali zaidi katika kuuliza uhuru ni wa nani. Na tukiuliza kwa Locke na Jefferson, insafu ya Tahtawi inatudai tuulize na kwetu.

Neno letu uhuru limetokana na Kiarabu, na kwa mababu zetu lilimhusu khasa mtumwa: fulani kaachwa huru. Aliyezaliwa nje ya utumwa alikuwa mwungwana. Na neno mwungwana lilibeba maana mbili kwa pamoja, asiyekuwa mtumwa na mwenye adabu, kana kwamba mtumwa hawezi kuwa na adabu hata akijitahidi vipi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba ilikuja tarehe 6 Aprili 1897, lakini haikumfungulia mtu mlango. Ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kuomba. Masuria hawakuguswa na amri hiyo mpaka mwaka 1909. Fidia ilitolewa, na aliyelipwa ni bwana. Mwingereza aliyeileta sheria ile na babu yetu aliyepokea fidia walielewana vizuri sana katika hilo. Katika nchi tulizohamia mambo yalichelewa zaidi: Saudia iliufuta utumwa mwaka 1962, Oman mwaka 1970. Wapo wazee hai wanaokumbuka.

Hayo yamepita, utasema, na hakuna leo anayeuza mtu. Ni kweli. Lakini ingia katika nyumba zetu za Muscat, Dubai au Doha. Jikoni yumo dada kutoka Tanga au Mombasa, anazungumza lugha ile ile ya bibi zetu, na watoto wetu wanakipata Kiswahili chao kutoka kwake kuliko kutoka kwetu. Pasipoti yake iko wapi? Katika nyumba nyingi iko kabatini kwa kafili, na ufunguo uko kwa kafili. Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake za safari. Serikali zetu za Ghuba nazo zimekuwa zikisogea: Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la ruhusa ya mwajiri mtu akitaka kubadilisha kazi, na Oman ikaondoa lile la cheti cha kutokuwa na pingamizi kuanzia Januari 2021. Kilichobakia nyuma ni kabati.

Tunaijua hoja ya upande wa pili, na si ya kipuuzi. Ofisi inayoleta wafanyakazi inatoza pesa nyingi, na mtumishi akitoroka baada ya mwezi anayepata hasara ni mama mwenye watoto wadogo na kazi ya asubuhi. Hasara hiyo ni ya haki kudaiwa, na mahali pa kuidai ni kwa ile ofisi, kwa mkataba na kwa sheria. Kushika hati ya mtu ili afidie pesa uliyompa mtu mwingine, hiyo ni hesabu ya 1825 na ya 1897. Mtoto wetu aliyesoma Mill skuli na akaja likizo Muscat ataiona siku ya pili tu, na akiuliza mezani, jibu la "huelewi mila zetu" halitamtosha, maana katika dini na mila alizofunzwa na babu yake ujira hulipwa kabla jasho halijakauka.

Kwa hiyo wasomi wetu wakikutana tena kuujadili uhuru wa Magharibi, tunaomba mambo mawili. Wawasome akina Locke na Mill wenyewe, si muhtasari wao, pamoja na tarehe na mishahara yao. Na katika ratiba pawepo kikao kimoja juu ya uhuru wa mtu aliyemo ndani ya nyumba zetu, na azungumze mfanyakazi mwenyewe kwa Kiswahili chake bila ya mkalimani. Kikao hicho kiwekwe asubuhi ya siku ya kwanza, kabla wakubwa hawajaanza kuondoka.