Kisu Kina Jina, Mhunzi Hana

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa majuma mawili sasa ninacho kisu kipya cha kukunja, nilichokinunua dukani hapa mjini Isiolo, na nimeona ni vyema niwaeleze wasomaji maoni yangu juu yake kabla upya wake haujaisha.

Kisu chenyewe ni Okapi, kile chenye mpini wa mbao uliopambwa kwa miezi na nyota za madini. Ukikifungua hulia ta-ta-ta, meno yake yakishikana moja baada ya jingine, na mwishowe bapa husimama imara. Kukifunga sharti uvute pete ndogo iliyo mgongoni. Ni kazi ya akili, wala sioni haya kuisifu. Kimenikatia kamba, kimenimenyea maembe na kunichongea mswaki. Kikisha kukunjwa hukaa mfukoni kimya, wala hakitoboi nguo.

Hata hivyo kina mipaka yake, kama kila kisu cha kukunja. Damu na mafuta ya nyama hupenya kwenye kiungio, na kuyatoa ni taabu. Mchinjaji hawezi kukitegemea. Yeye hutaka kisu kirefu, kizima toka ncha hadi mpini, ambacho hufutwa mara moja kikawa safi.

Wengi hudhani kisu hiki asili yake ni Afrika, kwa kuwa okapi ni mnyama wa msitu wa Ituri huko Kongo. Sivyo. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Afrika, na kazi hiyo ikahamia Afrika Kusini mwaka 1988. Yaani kwa zaidi ya miaka 80 tulinunua chuma cha Ulaya kilichobandikwa jina la mnyama wetu.

Hapo ndipo linaponijia swali. Jina la kisu hiki kila mtu analijua, maana limepigwa chapa. Je, ni nani awezaye kunitajia jina la mhunzi aliyefua sime iliyoning'inia kiunoni mwake?

Wasafiri wameujua mji huu kwa bangili za shaba na majambia yenye ala za ngozi. Wahunzi wetu huchukua springi kuukuu ya gari wakaifua hata ikawa sime. Majirani zetu Waturkana wana kisu cha duara kinachovaliwa kifundoni mwa mkono, makali yake yakifunikwa kwa ukanda wa ngozi. Tatizo ni lile lile: makali yawe karibu na mkono, lakini yasimjeruhi mwenyewe. Mzungu alikunja bapa, Mturkana akalivika ngozi. Sioni ni kwa nini wa kwanza asifiwe na wa pili asitajwe.

La kusikitisha zaidi ni jinsi tunavyowatazama wahunzi. Wasomali huwaita Tumal, Waborana Tumtu, na Wasamburu Lkunono. Majina ni mbalimbali, lakini desturi ni moja: kuwatenga, hasa katika mambo ya ndoa. Mtu hutembea na kazi ya mikono yao kiunoni, kisha hukataa kumwoza binti yake kwa kijana wa aliyeifua. Haki iko wapi hapo?

Najua nitaambiwa kwamba visu vya kiwandani hufanana vyote, na kwamba havimwangushi mnunuzi. Ni kweli, na mimi changu sitakitupa. Lakini ninalowaomba wenzangu si jambo kubwa. Ununuapo sime au jambia, muulize mhunzi jina lake, na umwambie alipige chapa kwenye chuma. Mtoto wake akiliona jina la babaye kiunoni mwa watu wa heshima, hataionea haya kazi hiyo.

Husemwa kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Basi na aliyekifua naye akaribishwe kwenye sinia.