Kichezeo Kinapoitangulia Hadithi

Katika uhakiki wa fasihi, mhusika huaminiwa kuwa mwana wa hadithi. Katika biashara ya vichezeo nchini Marekani, aghalabu mambo huwa kinyume: kichezeo hutangulia madukani, nayo hadithi ikatungwa ili kukitafutia wanunuzi.

Transformers ni mfano mwafaka. Roboti hizo ziliuzwa kwanza Japani na kampuni ya Takara, bila majina wala visa vinavyojulikana leo. Mnamo 1984 Hasbro ilianza kuziuza Marekani kwa leseni, ikiwa imewapa waandishi wa Marvel kazi ya kuzitungia majina, silka na uhasama. Mwaka uo huo katuni yake ikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Mattel ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo: vichezeo vya He-Man vilitoka 1982, katuni ikafuata 1983.

Wapo watakaosema kwamba hadithi ni hadithi, hata ikiagizwa na tajiri. Hoja hiyo ina uzito. Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka kwa agizo la mtawala wa Pate, na hakuna anayeudharau utendi huo kwa sababu hiyo. Hata hivyo, kuagiza utungo ni jambo moja. Kuamua nani afe kwa kutazama bidhaa zilizomo ghalani ni jambo jingine.

Hayo ndiyo yaliyomfika Optimus Prime, kiongozi wa roboti njema. Katika filamu ya 1986 aliuawa, si kwa kuwa msuko ulidai hivyo, bali kwa kuwa vichezeo vya zamani vilikuwa vikipisha vipya. Watoto walilia kumbini. Malalamiko yakazidi, naye akafufuliwa katika katuni mwaka 1987.

Machozi hayo yana funzo kwa mwanafunzi wa fasihi. Muuzaji aliiona bidhaa iliyopitwa na wakati; mtoto alimwona shujaa. Hadhira ilikuwa imeichukua hadithi kwa dhati kuliko mwenyewe aliyeiagiza.

Leo biashara hii imepanuka mno: filamu ya Barbie, mwanasesere aliyeanza kuuzwa 1959, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.4 mwaka 2023. Kuzibeza kazi hizi hakutoshi. Mhakiki na azisome, na kwa kila tukio aulize: je, limezaliwa na msuko, au limetoka ghalani?