Mlima Hauhami, Mwekezaji Anahama

Mjadala wa kodi na uwekezaji hapa nchini umekwama kwenye swali moja: asilimia ngapi? Wafanyabiashara wanalalamika kwamba asilimia 30 ya kodi ya mapato ya kampuni na asilimia 18 ya VAT ni mzigo mzito. Serikali inajibu kwamba bila kodi hakuna barabara wala dawa. Kila upande una hoja, na kila mwaka bajeti inapopita wanaachana palepale walipokutana. Lakini ukiutazama mkoa wa Kilimanjaro, ambako utalii, kahawa na miwa vimekaa jirani ndani ya wilaya chache, unaona kwamba ukubwa wa kodi si jambo la kwanza. Kinachomvunja nguvu mwekezaji zaidi ni kodi na kanuni zinazobadilika akiwa ameshaingiza fedha zake, tena bila kupewa muda wa kujipanga. Na ubaya wa mkoa huu ni kwamba madhara hayo hayaonekani haraka, kwa sababu mlima wenyewe unayaficha.

Tuanze na mlima. Katika bajeti iliyosomwa Juni 2016, serikali iliamua kwamba huduma za utalii, zikiwamo za kuongoza wageni na ada za hifadhi, zitozwe VAT ya asilimia 18 kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huohuo. Kodi yenyewe haikuwa ya ajabu. Nchi nyingi zinatoza. Tatizo lilikuwa wiki chache zilizotolewa. Safari ya kupanda Kilimanjaro huuzwa miezi mingi kabla, wakati mwingine mwaka mzima, na bei hukubaliwa kwa maandishi na wakala wa Ulaya au Marekani. Tuchukue viwango ambavyo hifadhi imevitoza miaka ya karibuni kwa mgeni mzima asiye mkazi: dola 70 za uhifadhi kwa siku, dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na dola 20 za uokoaji kwa safari nzima. Mgeni anayepanda kwa njia ya Machame kwa siku saba na kulala kambini usiku sita anadaiwa dola 810 kabla kampuni haijamlipa mpagazi hata mmoja wala haijanunua mkate. Asilimia 18 ya hapo ni dola 145.80. Kwa kundi la wageni kumi ni dola 1,458, na hapo bado hujagusa VAT ya huduma za kampuni yenyewe. Aliyekwisha kuuza safari kwa bei ya zamani hakuwa na wa kumpelekea nyongeza hiyo. Aliilipa kutoka mfukoni mwake, au aliibana kwenye ujira na chakula cha watu wanaobeba mizigo.

Anayetetea uamuzi ule ana jibu ambalo halipaswi kupuuzwa. Atasema: watalii hawakukimbia. Kweli hawakukimbia. Nchi ilipokea wageni wa kimataifa wapatao milioni 1.28 mwaka 2016, milioni 1.33 mwaka 2017, na milioni 1.5 mwaka 2018. Baada ya kuporomoka wakati wa UVIKO-19, idadi ilipanda tena hadi kuvuka milioni 2.1 mwaka 2024. Kwa hesabu hiyo, mwenye mamlaka ya kupanga kodi anaweza kulala usingizi mnono. Lakini idadi ya wageni inapima mvuto wa nchi, haipimi afya ya waliowekeza kuwahudumia. Kenya, ambayo mwaka huohuo wa 2016 ilikuwa inaondoa VAT kwenye ada za kuingia hifadhini, inaweza kumvuta mtalii wa wanyama aache Serengeti aende Maasai Mara. Haiwezi kumuuzia Uhuru, kwa sababu kilele cha mita 5,895 hupandwa kutoka upande wa Tanzania peke yake. Mgeni mwenye ndoto ya Kilimanjaro atakuja hata kodi ikiwekwa vibaya. Kampuni ya kigeni yenye mtaji mkubwa itahimili msimu mmoja wa hasara. Anayetoka sokoni kimyakimya ni kijana wa Marangu au Machame aliyeanza kama mpagazi, akawa mwongozaji, akakopa kununua mahema na kulipia leseni ya biashara ya utalii (TALA), ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 2,000 kwa mwaka kabla ya kampuni ndogo kupunguziwa hadi dola 500. Takwimu za wageni hazimwoni huyo akifunga ofisi.

Kwa hiyo ukitaka kujua sera ya kodi inamfanya nini mwekezaji, usitazame mahali pasipo na mshindani. Tazama kihamba, shamba la familia la miteremko ya mlima huu. Tumezoea kumwita mwekezaji yule anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA na mkoba, wakati mwekezaji wa kwanza wa mkoa huu ni mkulima mwenye robo ekari ya migomba na mibuni. Anayepanda mche wa kahawa leo anasubiri karibu miaka mitatu kabla ya kuvuna cha maana, kisha anategemea mti huo umlipe kwa miongo kadhaa. Ni uwekezaji wa muda mrefu kuliko hoteli nyingi za mjini. Wazee wa miteremko hii waliufanya kwa mpango: walianzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Na mwaka 1937, walipoona wamelazimishwa kuuza kwa mfumo wasiouamini, walivamia maghala ya chama chao wenyewe. Mkulima wa hapa amekuwa mwepesi wa kusoma kanuni za soko tangu enzi hizo, na anapoona hazimfai hufanya uamuzi wake shambani.

Makato ya kahawa yanaonyesha vizuri jinsi mzigo wa kodi unavyosafiri. Ushuru wa mazao wa halmashauri kisheria hulipwa na mnunuzi, na hapo wengi huhitimisha kwamba mkulima hahusiki. Lakini mnunuzi anajua ushuru huo kabla hajataja bei. Anauondoa kwenye bei anayotoa, na mkulima wa Kibosho au Rombo ndiye anayeubeba bila kuona risiti. Ongeza gharama za chama cha ushirika cha msingi (AMCOS), za chama kikuu, za kukoboa na mchango wa utafiti, na bei iliyotangazwa mnadani inafika kijijini ikiwa imenyofolewa pande zote. Serikali ililiona hilo, na mwaka 2017 ilishusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3 na kufuta tozo nyingi za kilimo. Ilistahili pongezi. Ila hata kabla nafuu hiyo haijazoeleka, msimu wa 2018/19 ukaja na agizo kwamba kahawa yote ya wakulima ikusanywe kupitia AMCOS na wanunuzi binafsi wasiende tena vijijini. Nia ilikuwa njema, kumwokoa mkulima na walanguzi wanaonunua kahawa ikiwa bado mtini, ile wanayoiita butura kule Kagera. Lakini kampuni zilizokuwa zimeweka fedha kwenye ukusanyaji wa vijijini zilijikuta nje ndani ya msimu mmoja, na mkulima aliyezoea kulipwa papo hapo akaambiwa asubiri mnada.

Sitaki kusema kodi peke yake ndiyo iliyoishusha kahawa ya Kilimanjaro. Bei ya dunia iliporomoka baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989. Ugonjwa wa chulebuni ulikula mibuni ya zamani. Vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vingine havitoshi hata kuzika. Hayo yote ni kweli, na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungo imejibu sehemu yake kwa kutoa miche inayostahimili magonjwa. Lakini ndiyo sababu hasa utulivu wa kanuni una thamani: magonjwa na bei ya dunia havipo mikononi mwa Dodoma, kodi na kanuni zipo. Leo mikoa ya Kagera, Ruvuma na Songwe imeiacha nyuma Kilimanjaro kwa wingi wa kahawa. Na mwanzoni mwa 2025, bei ya Arabika kwenye soko la dunia ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Lakini bei nzuri pekee haitoshi kumshawishi mtu apande mti utakaozaa miaka mitatu ijayo. Anahitaji kuamini kwamba makato na njia ya kuuza havitakuwa vimegeuzwa mara mbili kabla hajavuna.

Wapo watakaosema utulivu ni wimbo wa wanaotaka misamaha. Tazama basi chini ya mji wa Moshi, Arusha Chini, kwenye mashamba ya miwa ya TPC. Kiwanda kile kilianzishwa na Wadenmark katika miaka ya 1930, kikataifishwa, kikachakaa, kisha mwaka 2000 asilimia 75 ya hisa zikaenda kwa wawekezaji wenye mizizi Mauritius na 25 zikabaki serikalini. Sasa kinazalisha zaidi ya tani 100,000 za sukari kwa mwaka. Viwango vya kodi vya Tanzania havikuwazuia. Waliweka fedha kwa sababu walijua ardhi ni yao kwa muda gani na soko litalindwa vipi. Sekta hiyohiyo ilionja upande wa pili mwaka 2024. Mvua za El Niño zilivuruga uzalishaji, sukari ikaadimika madukani, na Sheria ya Fedha ya mwaka ule ikauingiza Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) katika kuagiza na kuhifadhi sukari ya kuziba pengo, jambo ambalo awali vibali vyake vilipitia kwa wenye viwanda. Mlaji alikuwa anaumia na serikali ilipaswa kuchukua hatua. Kubadilisha muundo wa soko zima ndani ya sheria ya bajeti, inayojadiliwa kwa siku chache za Juni, si njia ya kushughulikia jambo ambalo mtu amelipangia mtaji wa miaka 20.

Hali ya uchumi wa taifa inaufanya udhaifu huu uwe ghali zaidi. Kwa vipimo vikubwa tunaendelea vizuri: mfumuko wa bei umekaa karibu na asilimia 3, na Benki Kuu, iliyoanza kutumia riba ya sera Januari 2024 kwa asilimia 5.5, haijaipeleka mbali na hapo. Lakini mkopo wa benki kwa mfanyabiashara wa kawaida bado unazunguka asilimia 15. Kwa riba hiyo, kosa la msimu mmoja linaweza kummaliza mtu. Dola nazo ziliadimika mwaka 2023 na 2024, shilingi ikateremka kutoka kama 2,300 hadi kuvuka 2,700 kwa dola. Kampuni ya kupandisha wageni, inayopokea dola, ilipumua kidogo. Mwenye shamba anayenunua dawa na vipuri vya mashine kutoka nje aliumia. Hakuna waziri anayeweza kuamuru dola iwe bei gani kila siku, na mwekezaji anajua hivyo. Asichokielewa ni kwa nini, juu ya hatari hizo, aongezewe hatari inayotengenezwa kwa kalamu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mapato. Makusanyo yetu ya kodi yapo karibu na asilimia 13 tu ya pato la taifa, kiwango cha chini, na wapo wanaokwepa bila haya, wakiuza bila risiti ya mashine ya EFD huku wakipita kwenye lami ya walipa kodi. Nakubali. Mkwepaji abanwe. Lakini tozo ya miamala ya simu ilitufundisha kitu: ilianza Julai 2021, ikakatwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, ikaendelea kumegwa hadi sehemu kubwa ikafutwa. Serikali haikupata fedha ilizotarajia, na watu walirudi kwenye noti mkononi, ambako Mamlaka ya Mapato (TRA) haioni. Rais Samia mwenyewe alikemea Aprili 2021 ukusanyaji wa mabavu na kufunga akaunti za watu. Migomo ya Kariakoo ya Mei 2023 na Juni 2024 ilionyesha kwamba kukemea hakukutosha. Kwa upande mwingine, tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) imeshushwa hatua kwa hatua kutoka asilimia 6 hadi 3.5 bila kelele wala kuyumbisha hazina. Kumbe inawezekana kubadilisha kodi kwa namna ambayo mlipaji anaiona ikija.

Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, iliyozinduliwa Oktoba 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue, ilipewa kazi kubwa. Kilimanjaro haihitaji yote kwa siku moja. Inahitaji kodi yoyote mpya kwenye huduma zinazouzwa mapema isianze kutumika kabla ya miezi 12. Inahitaji kanuni za kuuza kahawa zisiguswe katikati ya msimu. Inahitaji marejesho ya VAT kwa wanaouza nje yalipwe kwa wakati, na ushuru wa huduma wa halmashauri uache kuhesabu fedha ambazo kampuni inazipokea na kuzipitisha moja kwa moja hifadhini, kwa kuwa hayo si mapato yake. Hakuna hata moja hapo linaloiomba serikali ipunguze kiwango cha kodi. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi bila sheria, na sheria hiyo hupitishwa na wabunge. Basi wabunge wa Moshi Mjini, Moshi Vijijini, Vunjo, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same, muswada wa fedha ukifika mezani Juni ijayo, kabla ya kuuliza kodi hii ni asilimia ngapi, ulizeni inaanza lini, na msiupitishe mpaka mpate jibu linalomtosha mwenye kihamba.