Kadi ya Kanada, shilingi ya nyumbani: nani anakula katikati?

Tarehe 28 Machi 2025 serikali ya Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Kodi ya nyumba, ada ya shule, chumba cha hoteli, vyote vinatakiwa viwe kwa shilingi. Nchi kuilinda sarafu yake ni haki yake, na hilo hatuna ugomvi nalo. Lakini kwa ndugu zetu waishio ughaibuni, wanaorudi nyumbani mara moja kwa miaka miwili au mitatu, kanuni hizo zimeleta jambo jipya. Dola za mfukoni hazilipi tena moja kwa moja. Lazima kwanza zigeuzwe shilingi, na njia inayokimbiliwa na wengi ni mashine ya ATM.

Swali linalojitokeza ni hili: safari hiyo ya fedha, kutoka benki ya Kanada hadi noti za elfu kumi mkononi, inagharimu kiasi gani? Na nani anakula katikati?

Tumchukue msafiri anayetoka Pickering, mji ulio mashariki ya Toronto, kando ya Ziwa Ontario. Ana kadi ya benki yake, ile ile anayonunulia maziwa na mafuta ya gari. Kadi hiyo ina alama ya Interac, mtandao wa Kanada ulioanzishwa mwaka 1984. Alama hiyo haitamsaidia kutoa fedha Kariakoo wala Kisumu. Kitakachomsaidia ni alama ya pili, ya Visa au Mastercard, au zile za mitandao yao ya ATM, yaani Plus na Cirrus. Asiye nayo atasimama mbele ya mashine bure.

Aliye nayo atapata fedha, lakini atakatwa mara tatu. Kwanza, mwenye mashine kule nyumbani hutoza ada yake kwa kadi ya kigeni. Pili, benki ya Kanada hutoza ada ya kutoa fedha nje ya nchi, ambayo kwa benki kubwa huwa kama dola 5 kila mara, isipokuwa kwa wenye akaunti za bei ya juu. Tatu, benki hiyo hiyo huongeza asilimia juu ya kiwango cha kubadilishia fedha. Kwa kawaida ni asilimia 2.5, na zipo zinazozidi hapo. Ada mbili za kwanza mtu anaweza kuziona. Hii ya tatu imejificha ndani ya kiwango, na wengi hawajui kwamba wameilipa.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuchukulie dola moja ya Kanada ni shilingi 1,800, na mwenye mashine anatoza shilingi 15,000. Msafiri anatoa shilingi 400,000, sawa na dola 222. Mwenye mashine anachukua kama dola 8.30, benki ya Kanada dola 5, na ile asilimia 2.5 ni dola 5 na nusu. Jumla ni karibu dola 19, yaani kama asilimia 8 na nusu. Akitoa shilingi 100,000 tu, sawa na dola 55 na nusu, makato yanakaribia dola 15. Hiyo ni zaidi ya robo ya fedha zake. Anayetoa kidogo kidogo kwa kuogopa wezi ndiye anayeibiwa zaidi, tena kwa risiti.

Utauliza, kwa nini asitoe milioni mbili kwa mara moja? Hapa kuna jambo ambalo halizungumzwi. Noti kubwa kuliko zote Tanzania ni ya shilingi 10,000, na Kenya ni ya shilingi 1,000. Mdomo wa mashine hupitisha idadi fulani tu ya noti. Ndiyo maana kwa miaka mingi vikomo vilivyozoeleka vimekuwa shilingi 400,000 Tanzania na shilingi 40,000 Kenya, yaani noti arobaini. Mwenye haja ya milioni mbili atasukuma kadi mara tano, na kila mara ada zinaanza upya.

Haja hiyo si ya starehe siku zote. Wengi wa wanaopanda ndege ghafla pale Pearson wanakwenda kuzika, au wanakwenda hospitali ambako mzazi amelazwa na malipo yanatakiwa kwanza. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kulinganisha viwango. Nje ya miji mikubwa mashine nazo ni chache, na mwisho wa juma fedha huisha ndani yake. Wakaazi wa Goma, mashariki ya Kongo, wanalijua hili kuliko sisi. Benki zao zilipofungwa baada ya waasi wa M23 kuuteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025, wenye akaunti walilazimika kuvuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kutafuta fedha zao wenyewe. Asiye na pa kwenda hulipa bei yoyote anayotajiwa.

Kuna mtego mwingine, na huu unakuja kwa sura ya wema. Mashine inauliza: unapenda akaunti yako ikatwe kwa dola za Kanada? Mtu anaona dola zake, anazielewa, anabonyeza ndiyo. Kumbe hapo amemruhusu mwenye mashine kupanga kiwango chake. Katika mfano wetu, akipewa kiwango cha shilingi 1,680 badala ya 1,800, zile 400,000 zitamgharimu dola 238 badala ya 222. Amepoteza dola 16 mahali ambapo benki yake ingemkata 5 na nusu. Jibu sahihi karibu siku zote ni kukataa na kuchagua shilingi. Kukataa huko hakuzuii fedha kutoka.

Kwa upande mwingine, tusisahau wageni wanaokuja huku. Mama anayetoka Tanga kumtembelea binti yake Pickering naye ana kadi, ya benki ya Tanzania. Tangu mwaka 1996, baada ya amri ya baraza la ushindani la Kanada, mashine za ATM si mali ya benki peke yake. Zile zilizopo vituo vya mafuta na madukani nyingi ni za makampuni binafsi, na ada hupangwa na mwenyewe. Mashine itamwuliza mama huyo kama fedha zitoke akaunti ya hundi au ya akiba, swali ambalo nyumbani hakulizoea. Kwa kawaida achague ya hundi, na ikikataa ajaribu nyingine. Ni afadhali atumie mashine iliyo ndani ya benki, ambako kadi ikimezwa kuna mtu wa kumwuliza.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipopitisha malengo ya maendeleo, nchi ziliahidi kwamba ifikapo 2030 gharama za kutuma fedha kwa jamaa zitashuka chini ya asilimia 3, na kwamba pasibaki njia yenye gharama ya zaidi ya asilimia 5. Afrika kusini ya Sahara bado ndiyo ghali kuliko kanda zote, lakini angalau lengo lipo na mtu anaweza kuhesabu. Anayebeba fedha zake mwenyewe kwa kadi hakuwekewa lengo lolote. Tunavyoona sisi, hapo ndipo penye kasoro. Fedha ni zile zile, familia ni ile ile, tofauti ni kwamba huyu amezipeleka kwa miguu yake.

Wapo walioonyesha kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi. Tangu Aprili 2020, sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka mwenye mashine anayebadilisha sarafu za nchi za umoja huo aonyeshe ni asilimia ngapi ameongeza juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya, kabla mteja hajakubali. Benki Kuu ya Tanzania na ile ya Kenya zinaweza kudai hivyo hivyo kwa kila mashine inayopokea kadi ya kigeni. Na kwa Tanzania, baada ya kumwambia mgeni alipe kwa shilingi, ni haki kumwonyesha bei ya kuipata shilingi hiyo.

Wakati hayo yakisubiriwa, msafiri ajilinde. Aulize benki yake kabla ya kuondoka: kikomo cha siku ni kiasi gani, ada ni ngapi, na namba ya siri ya tarakimu nne inatosha? Abebe kadi mbili za mitandao tofauti. Asitoe fedha kwa kadi ya mkopo, maana riba huanza kuhesabiwa siku ile ile. Atoe kiasi kikubwa mara chache, na akiweza atume fedha mapema kwa simu ya ndugu anayemwamini. M-Pesa ipo Kenya tangu 2007 na Tanzania tangu 2008, na mara nyingi njia hiyo huwa rahisi kuliko ATM. Akibeba noti, za dola ya Marekani hubadilishwa kwa urahisi kuliko za Kanada. Zikifika thamani ya dola 10,000 za Kanada, sheria inamtaka aziripoti anapoondoka.

Na ikitokea akaunti imekatwa lakini mashine haikutoa kitu, atunze risiti na alalamike kwa benki yake ya Kanada, asihangaike na mwenye mashine. Tangu Juni 2022 benki za huko zimepewa siku 56 kumaliza lalamiko. Zikipita, au jibu lisipomridhisha, anaweza kwenda OBSI, chombo ambacho tangu Novemba 2024 ndicho pekee kinachosikiliza malalamiko ya wateja wa benki nje ya benki zenyewe. Huduma yake ni bure.

Dola 19 si utajiri kwa mtu mmoja. Lakini ni kilo kadhaa za mchele wa matanga, na zinakatwa kila siku kwa maelfu ya watu ambao hawakuulizwa wala kuonyeshwa hesabu. Biashara halali haina sababu ya kuficha bei yake.