Nyumba mpya zirudishiwe upenu

MTAZAMO WA WIKI
Na Edissa Kokugonza

Kahawa ya maganda ilipata bei nzuri katika minada ya 2024, na fedha zake zinaonekana kwa macho. Ukitoka Omurushaka wilayani Karagwe kwenda Nkwenda na Murongo wilayani Kyerwa, utakuta msingi unachimbwa hapa, kuta zinapandishwa pale, bati linang'aa kule. Nyingi kati ya nyumba hizo mpya ni zile ambazo mafundi wanaziita kontemporari: kuta zilizonyooka hadi juu, paa lililofichwa nyuma ya ukuta, madirisha mapana ya aluminiamu, rangi nyeupe na kijivu. Ramani zake hupatikana kwenye simu, na mara nyingi aliyezichora hajui kama zitajengwa Kyerwa au Kibaha.

Nafurahi kumwona mkulima wa kahawa akilala pazuri. Sitamani hata kidogo arudi kwenye moshi na nyasi zinazoshika moto. Ninachokililia ni upenu.

Paa linapofichwa, upenu hukatwa, na pamoja nao huondoka mambo mengi ambayo mchoraji wa mbali hakuyaona. Sisi tuna misimu miwili ya mvua. Mwanafunzi akinyeshewa njiani hukimbilia upenuni kwa mtu yeyote, hata asiyemfahamu, na hakuna anayemuuliza amefuata nini. Bibi huchambua maharage pale. Jirani aliyekuja kuomba chumvi huketi kidogo, na hapo ndipo habari za msiba au za posa husemwa kwa mara ya kwanza. Nyumba isiyo na mahali hapo humlazimisha mgeni achague moja kati ya mawili: aingie hadi sebuleni na viatu vyenye tope juu ya marumaru, au asimame juani akizungumza kupitia nondo za dirisha. Wengi huona aibu, wakaondoka.

Wazee wetu Wanyambo hawakufanya kosa hilo. Msonge ulishushiwa nyasi hadi karibu na ardhi, na mlangoni paa lilitokeza mbele ili anayefika apate kivuli kabla hajabisha hodi. Ndani, sakafu ilitandikwa nyasi, mgeni akaketi karibu na moto. Kisha aliletewa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko. Kikapu hicho bado kipo katika nyumba nyingi, na mimi hukiona kuwa kazi bora ya ubunifu kuliko makochi yote tunayonunua. Aliyekisuka alifikiria mkono utakaotoa na mkono utakaopokea.

Ustadi huo haukuishia kwenye ususi. Katika hazina ya watawala wa Karagwe pale Bweranyange kulikuwa na ng'ombe wadogo wa chuma, wenye mwili mwembamba na pembe kubwa zilizopinda. Mhunzi alizikuza pembe kwa sababu watu wake walizipenda. Vipimo vyake alivipata moyoni mwao.

Atakayesema kwamba huu ni mtindo wa kale, usioendana na wakati, na avuke Mto Kagera. Upande wa pili wa Hifadhi ya Akagera, wilayani Kayonza nchini Rwanda, kuna kituo cha wanawake kilichofunguliwa 2013, kilichochorwa na ofisi ya Sharon Davis ya New York. Mchoraji alitoka mbali, lakini alianza kwa kutazama makazi ya kale ya Wanyarwanda. Madarasa ni ya duara, kuta zina matundu yanayopitisha upepo na mwanga huku yakiwasitiri walio ndani, na matofali yalifyatuliwa kwa mikono na wanawake wenyewe. Mapaa yake yanakinga maji ya mvua. Ni jengo la kisasa kabisa, na lina utu.

Upenu wenyewe si ghali. Ukuta wa kuficha paa nao hula matofali, saruji na rangi, na mfereji ulio nyuma yake ukiziba kwa majani, maji huingia darini. Paa lililotokeza mita moja huilinda plasta isiloane kila mvua inapopiga, na benchi la matofali chini yake fundi hulijenga kwa muda mfupi.

Naziomba halmashauri za Karagwe na Kyerwa ziwape wananchi ramani chache za mfano, za bei nafuu, zilizochorwa kwa ajili ya mvua yetu na wageni wetu. Walimu wa VETA wawafundishe vijana kuuliza nani atafika kwenye nyumba hiyo, siyo vyumba vingapi tu. Nawe msomaji uliyeweka akiba ya kahawa kwa ajili ya ujenzi, kabla hujamlipa mchoraji, mwombe akuonyeshe kwenye ramani mahali ambapo mgeni wako atasubiri mvua ikatike. Kama hapapo, mrudishie aichore upya.